Kinga Iliyomo Katika Maji ya Damu

 Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake, maana leo yako maneno machache nitakayowaomba mwandike.

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za chembe nyeupe za damu, zile zinazowala vijidudu vya maradhi. Habari hizo hupendwa na watu, kwa sababu ni rahisi kumwona moyoni mwako askari anayemfuata adui na kummeza. Leo nataka kuwaelezeni kinga nyingine, isiyo na miguu wala mdomo. Imo katika maji ya damu yenyewe. Hata watu waliosoma sana huenda hawajapata kuisikia. Walakini bila ya kinga hiyo, chembe nyeupe zingekuwa kama mbwa wa kuwinda waliopotewa na harufu.

Tuanze na mwiba. Mtu analima shambani, anakanyaga mwiba, anautoa, anaendelea na kazi yake. Jioni anatazama mguu wake, anaona pale mahali pamekuwa pekundu, pamevimba, pana moto, tena panauma. Ukimwuliza atasema, "Mwiba ule ulikuwa na sumu." Mara nyingi si sumu ya mwiba. Mwiba uliingiza vijidudu, na uvimbe ule na moto ule ni kazi ya mwili wake mwenyewe. Mishipa midogo ya damu imepanuka, maji yamepita katika kuta zake, na chembe nyeupe zimefika mbio kutoka mbali. Nani aliyezipelekea habari? Hilo ndilo swali letu la leo.

Kwanza tujue maji ya damu ni nini. Ukichinja mbuzi ukaikinga damu katika bakuli na kuiacha, itaganda. Baada ya muda donge la damu hujikunja, na pembeni hutoka maji yenye rangi ya manjano kidogo. Waganga huyaita seramu. Ukiyaona utadhani ni kitu cha kumwaga tu. Lakini mwaka wa 1889 mtaalamu mmoja wa mji wa Munich, Ujerumani, jina lake Hans Buchner, alionyesha kwamba maji haya huua vijidudu, ingawa hamna hata chembe moja ndani yake. Tena alionyesha kwamba yakipashwa moto, nguvu hiyo hupotea.

Miaka sita baadaye, yaani mwaka wa 1895, kijana mmoja kutoka Ubelgiji alikuwa akifanya kazi mjini Paris, katika nyumba ya utafiti ya Pasteur. Jina lake Jules Bordet, na umri wake ulikuwa miaka 25. Nataka mfuate vizuri jambo alilolifanya, maana ni jambo dogo kabisa, na bado limeongoza elimu hii mpaka leo.

Bordet alikuwa na vijidudu vya kipindupindu. Alitwaa seramu ya mnyama aliyekwisha kuchanjwa kwa vijidudu hivyo, akaichanganya navyo katika kichupa. Vijidudu vikafa. Hapo hakuna ajabu, maana mnyama yule alikuwa na kinga. Kisha akatwaa seramu ile ile akaipasha moto hata digri 55 hivi. Kumbukeni kwamba maji huchemka kwa digri 100, na mwili wa mtu mzima mwenye afya ni digri 37. Kwa hiyo huo haukuwa moto mwingi. Akatia vijidudu. Safari hii havikufa.

Mtu mwingine angesema, "Basi, dawa imeharibika," na kuimwaga. Bordet hakuimwaga. Alichukua seramu mbichi ya mnyama mwingine ambaye hakuchanjwa kamwe, seramu ambayo peke yake haikuwa na nguvu juu ya vijidudu vile. Akaongeza kidogo katika ile iliyopashwa moto. Mara vijidudu vikaanza kufa kama mwanzo.

Simamisheni kusoma kidogo hapa, mjiulize wenyewe maana yake. Seramu moja ilikuwa imeharibika, nyingine haikufaa kitu, na mbili pamoja zikaua. Maana yake ni kwamba wanaofanya kazi ni wawili. Wa kwanza hupatikana kwa aliyechanjwa au aliyepona ugonjwa; anamjua adui mmoja tu, na haogopi moto ule. Huyo leo tunamwita kingamwili. Wa pili yumo katika damu ya kila mmoja, aliyechanjwa na asiyechanjwa; hachagui adui, lakini joto la digri 55 humharibu. Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyempa huyu wa pili jina lililodumu, yaani komplementi. Maana ya jina hilo ni kitu kinachokamilisha kilichopungua. Andikeni neno hilo: kom-ple-men-ti.

Huenda mmoja wenu atauliza kama homa kali nayo inaweza kuiharibu komplementi. La. Homa ya mtu ikifika digri 41 huwa ni hatari kubwa, lakini bado iko mbali sana na 55.

Bordet alipewa zawadi ya Nobel ya mwaka wa 1919. Aliishi miaka mingi, akafariki mwaka wa 1961.

Wakati ule ilidhaniwa kwamba komplementi ni kitu kimoja. Sasa twajua kwamba ni protini zaidi ya 30, na nyingi hutengenezwa katika ini. Kubwa kati yake zimepewa herufi C na namba, tangu C1 mpaka C9. Zilipewa namba kwa jinsi zilivyogunduliwa. Kwa sababu hiyo namba hazikufuata utaratibu wa kazi, na ile ya nne hutangulia ya pili na ya tatu. Wanafunzi wa udaktari hulalamika sana juu ya jambo hilo, nami nawahurumia.

Protini hizi huzunguka katika damu zikiwa zimelala. Fikirini makaa ya moto yaliyofunikwa kwa majivu usiku. Ukipita karibu huoni kitu, wala hayakuunguzi. Ukiyafunua ukatia ukuni, moto unawaka. Vivyo hivyo, kingamwili zikikaa juu ya kijidudu, C1 huzishika na kuamka. C1 huikata C4 na C2, na vipande vyake huungana kuwa kama kisu cha kuikata C3. Kisu kimoja hukata C3 nyingi sana, kila moja ikawa tayari kwa kazi. Kwa hiyo jambo linaloanza kwa protini moja mbili, kwa dakika chache huwa ni maelfu.

Hiyo C3 ndiyo iliyo nyingi kuliko zote. Katika kila lita ya maji ya damu imo kiasi cha gramu moja au zaidi kidogo. Ikikatwa hutoa vipande viwili, na kila kimoja kina kazi yake.

Kipande kikubwa hunata. Hukishika chochote kilicho karibu nacho, wala hakiachi. Kijidudu kinapakwa vipande hivi mwili mzima, na chembe nyeupe zina vishikio vya kuvikamata. Mwaka wa 1903 mganga Mwingereza, Almroth Wright, alisema ya kwamba katika maji ya damu mna kitu kinachowatengeneza vijidudu ili waliwe, akakipa jina kutokana na neno la Kiyunani la kuandaa chakula. Sisi tungesema kitoweo. Ugali mkavu hushuka kwa shida, lakini ukiwekewa mchuzi haukai sahanini. Jambo hili lilipatanisha wataalamu waliokuwa wamegombana kwa miaka mingi. Wengine walisema kinga ni chembe, wengine wakasema kinga ni maji ya damu. Kumbe maji huunga na chembe hula.

Chembe nyekundu nazo, ambazo wengi hudhani kazi yao ni kuchukua hewa tu, husaidia kama wapagazi. Takataka zilizopakwa C3 huning'inia juu yao, zikachukuliwa mpaka katika ini na wengu, zikateremshwa huko na kuliwa.

Kipande kidogo cha C3, pamoja na kipande kidogo cha C5, haviketi mahali pamoja. Huelea na kuenea pande zote. Hivi ndivyo vinavyosaidia kuipanua mishipa na kuziita chembe nyeupe. Basi swali letu la mwiba limepata sehemu kubwa ya jibu lake. Ule wekundu, joto na uvimbe katika mguu wa mkulima ni mbiu ya mgambo iliyopigwa, na komplementi ni mmoja wa waliopiga mbiu hiyo.

Kazi ya tatu ni kutoboa. C5, C6, C7 na C8 hushikana juu ya ngozi ya kijidudu, kisha C9 nyingi, hata kufika 18, hujipanga mduara kama mbao za pipa. Katikati hubaki tundu. Tundu hilo ni dogo ajabu. Ukiigawanya milimita moja katika sehemu 100,000, upana wake ni kama sehemu moja. Lakini linatosha. Maji huingia, kijidudu kikavimba na kupasuka. Walakini si kila kijidudu hutobolewa. Wale wa majipu, kwa mfano, wana ukuta mnene ambao tundu halifiki ndani yake. Hao hupakwa kitoweo wakaliwa.

Nimesema kwamba kingamwili huiamsha komplementi. Je, mtoto mchanga ambaye hajapata kuugua, au mtu aliyepatwa na kijidudu kipya kabisa, afanyeje? Mwaka wa 1954 Mmarekani Louis Pillemer, aliyefanya kazi katika mji wa Cleveland, alitangaza kwamba iko njia nyingine isiyongoja kingamwili. Wenzake wengi hawakukubali. Pillemer alifariki mwaka wa 1957 mashaka hayo hayajakwisha, na katika miaka ya 1970 ndipo ilipokubalika kwamba njia aliyoisema ipo. C3 chache hufunguka zenyewe kila wakati, mchana na usiku, hata mtu akiwa mzima kabisa. Zikiangukia kijidudu, moto huwaka. Iko na njia ya tatu, ambayo protini nyingine hutambua sukari zilizo juu ya vijidudu, lakini hiyo tuiache kwa leo.

Sasa tazameni hatari yake. Nimesema kipande cha C3 hunata penye chochote kilicho karibu. Chochote ni pamoja na chembe zako mwenyewe. Kwa nini basi hatuungui sote? Kwa sababu kipande kile hubaki na nguvu ya kunata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na tena kila chembe ya mwili ina walinzi juu yake. Walinzi hao hukivunja kisu cha komplementi kikija, au huzuia tundu lisikamilike. Vijidudu vingi havina walinzi. Hapo ndipo komplementi inapotofautisha mwenyeji na mgeni.

Lakini walinzi wana kiasi chao. Mtu wa kundi A la damu akitiwa damu ya kundi B kwa makosa, kingamwili zilizomo katika damu yake hushika chembe zile ngeni mara moja. Komplementi huamka kwa nguvu nyingi mno, walinzi hushindwa, na chembe nyekundu hupasuka ndani ya mishipa. Bordet mwenyewe alikwisha kuona jambo la namna hii katika kichupa mwaka wa 1898, alipochanganya damu za wanyama wa namna mbili. Ndani ya mtu si mchezo. Mgonjwa hushikwa na baridi na homa, mgongo humwuma, mkojo huwa mwekundu au mweusi, mafigo huweza kuacha kazi, na huweza kufa. Kwa sababu hiyo hospitali hupima damu ya mgonjwa na ya mtoaji, kisha huzichanganya kidogo pamoja kabla ya kumtia. Ndugu wa mgonjwa hunung'unika, wakisema, "Mtu anakufa nao wanachezea vichupa!" Kama mwuguzi anauliza jina la mgonjwa mara ya pili na ya tatu huku ameshika mfuko wa damu, mwacheni aulize. Isipokuwa mtu anapotokwa damu kiasi cha kufa sasa hivi, ambapo waganga huweza kuanza na damu ya kundi O, kungoja vichupa ni lazima.

Tena wako watu wachache ambao chembe zao nyekundu hupoteza walinzi. Ugonjwa huu haurithiwi. Huanza katika uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Komplementi yao hupasua damu yao wenyewe, na wengine huona mkojo wa asubuhi umekuwa wa rangi ya kahawa. Mwaka wa 2007 iliruhusiwa dawa ya kuizuia C5, nayo imewaokoa wengi. Ni dawa ghali mno. Lakini sikilizeni sharti lake. Mtu haanzishwi dawa hiyo mpaka achanjwe chanjo ya homa ya uti wa mgongo, isipokuwa kungoja kuwe ni hatari zaidi. Kwa nini homa ya uti wa mgongo, wala si kuhara au kifua?

Jibu lilijulikana kwa watu waliozaliwa na upungufu. Mtu akikosa C3 kabisa, tangu utoto wake huugua maradhi ya usaha mara kwa mara, ya mapafu, ya masikio, ya damu. Lakini mtu akikosa C5, C6, C7 au C8 huweza kukua vizuri, akacheza na wenzake, asionekane na kasoro yo yote, mpaka siku moja anapopatwa na homa ya uti wa mgongo ya kijidudu kiitwacho meningokoki. Akipona, huweza kupatwa tena. Kijidudu hiki hujifunika joho la sukari ambalo huzifanya chembe nyeupe zisikimeze kwa urahisi, na kwa hiyo lile tundu ndilo silaha kubwa juu yake. Tena ni mwizi. Hunyakua protini moja ya walinzi wetu, ile iitwayo kwa herufi H, akajivika kana kwamba naye ni mwenyeji wa nyumba. Wataalamu walimgeuzia hila hiyo. Kile kishikio anachoibia wamekitia katika chanjo, ambayo iliruhusiwa Ulaya mwaka wa 2013, ili kingamwili zikijue na kukishambulia.

Wanaokosa C9 wana nafuu, maana tundu dogo bovu huweza kufanyika bila hiyo. Huko Japani hupatikana mtu mmoja wa namna hii katika kila watu 1,000 hivi, na wengi wao huishi maisha yao yote bila kujua.

Upungufu huu hurithiwa kwa baba na mama pamoja. Basi kama katika nyumba moja mtu ameugua homa ya uti wa mgongo mara mbili, au ndugu wawili wameugua kwa miaka mbalimbali, msiseme tu kwamba nyumba ile ina mkosi. Mwambieni daktari habari hiyo, wala msingoje aulize. Kuna kipimo. Huchukuliwa maji ya damu ya mgonjwa yakachanganywa na chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili. Chembe zikipasuka, komplementi ni nzima. Zisipopasuka, kuna sehemu iliyokosekana. Hospitali ndogo hazina kipimo hiki, na damu yenyewe ni lazima itunzwe katika baridi na kufikishwa upesi, ama sivyo komplementi huharibika njiani na jibu likawa la uongo. Aliyegunduliwa hupewa chanjo, na huambiwa asidharau homa hata siku moja.

Nasi tusio na upungufu tusidharau pia, maana meningokoki huweza kuishinda hata komplementi iliyo kamili. Dalili ni hizi: homa ya ghafula, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa, kutapika, macho kuukataa mwanga, na akili kupotea. Mtoto mchanga huenda asikakamae shingo. Hulia bila kunyamaza, hakubali kunyonya, na utosi wake huweza kuvimba. Wengine hutokwa na madoa mekundu au ya zambarau yasiyopotea ukiyabonyeza kwa kidole. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi tazameni viganja, nyayo, na ndani ya kope. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Ugonjwa huu huweza kuua kwa siku moja.

Sasa andikeni maneno haya, nami nitayasoma polepole: seramu, kingamwili, komplementi, ini, wengu, uti wa mgongo. Kisha kila mmoja aandike kwa maneno yake, katika mistari mitano au sita, Bordet alifanya nini na vichupa vyake, na kwa nini hakuimwaga seramu iliyopashwa moto. Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini.